Homa ni ya Nani?

Orodhesha maradhi kwa Kiswahili uone neno homa lilivyotapakaa: homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya ini, homa ya dengi, homa ya uti wa mgongo, homa ya mapafu, homa ya mafua. Asiyejua anaumwa nini anasema tu, "Najisikia homahoma." Wenye lugha hawakuyaita maradhi haya kwa jina la mdudu anayeyaleta. Waliyaita kwa joto, na joto hilo mdudu haji nalo mfukoni. Ni mwili wenyewe unaojichemsha. Kwa hiyo tunapoita ugonjwa homa, tunataja jibu letu kwa ugonjwa, kama mtu anayeuita wizi kwa jina la yowe la majirani.

Cha ajabu, sarufi yetu haikubali. Tunasema tumeshikwa na homa, homa imempanda, homa imemwachia. Homa inageuka mgeni mkorofi aliyeingia bila hodi, na kazi yetu ni kumtoa. Nimekuwa nikiliwaza jambo hili kwa muda, na si kwa ajili ya sarufi. Kama homa haikuletwa na mdudu, ni ya nani? Ni yangu peke yangu, niizime nitakapo, kama redio yangu?

Kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam swali lilikuwa na jibu fupi: homa ni ya malaria. Waliokulia Temeke na Kinondoni wanajua. Mtoto akichemka usiku, asubuhi anameza klorokwini, ile chungu iliyofanya ngozi iwashe. Baadaye ikaja SP, baadaye dawa mseto. Kupima kulikuwa kwa wenye muda. Ndipo mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Valérie D'Acremont, wakiwa na wenzao Watanzania, wakawachukua watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Amana, hapo Ilala, na kule Ifakara, wakawapima kila kitu walichoweza kupima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Malaria ilikutwa kwa asilimia 10.5 tu. Asilimia 62.2 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kwa jumla watoto saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Influenza ilikuwamo. Yaani sehemu kubwa ya homa tulizozipa jina la mbu zilikuwa za pua na koo, zikipita kutoka mtoto hadi mtoto kwenye foleni, kwenye madarasa, kwenye daladala iliyofungwa madirisha kwa sababu ya mvua.

Influenza ndiyo ninayotaka tuitazame kwa karibu, kwa sababu inaonyesha vizuri kuliko nyingine kwamba homa ni mali ya nani.

Kirusi chake kinaingia kwa tone la mate lisiloonekana. Juu yake kimeota protini iitwayo hemaglutinini, ambayo inanasa aina ya sukari iliyo juu ya seli zetu za pua na koo. Seli inadhani imepokea mzigo wa kawaida, inaumeza. Ndani, kirusi kinavuliwa koti, na nyuzi zake 8 za RNA, ambazo ndizo urithi wake wote, zinaelekea kwenye kiini cha seli na kuanza kuzalisha nakala.

Sasa, jumbe za RNA ambazo seli inaziandika yenyewe huvalishwa kitu kama kofia kwenye ncha ya mwanzo. Kofia hiyo ndiyo inayoiambia mitambo ya kutengeneza protini kwamba ujumbe huu ni wa nyumbani, uusome. Kirusi cha influenza hakina uwezo wa kutengeneza kofia. Kinachofanya ni kuiba: kinakata vichwa vya jumbe zetu pamoja na kofia zake, kinavibandika kwenye jumbe zake, na seli inazisoma bila kushtuka. Kibaka aliyevaa kofia ya mzee wa mtaa anasalimiwa shikamoo. Lakini wizi huu una mipaka. Zile nyuzi 8 zenyewe, na nakala zake, hazivalishwi. Zinabaki vichwa wazi, na kwenye ncha zinaacha fosfeti tatu zikining'inia. Ndani ya seli kuna protini iitwayo RIG-I ambayo kazi yake ni kupapasa ncha za RNA. Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba ndicho hasa inachotafuta: zile fosfeti tatu, kichwa kisicho na kofia.

RIG-I haijui kama hii ni influenza au ni kitu kingine. Haikumbuki mafua ya mwaka jana. Kinga ya namna hii tunazaliwa nayo, na haijifunzi majina. Inajua alama chache tu, basi. Kinga inayojifunza majina, ile ya kingamwili, itakuja baadaye, siku kadhaa mbele, ikiwa imeshasoma faili. Hii ya kwanza haina muda wa faili. Ikiona kichwa wazi inapiga yowe.

Yowe hilo lina jina, na jina lilipatikana kwa msaada wa influenza yenyewe. Mwaka 1957, huko Mill Hill kaskazini mwa London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua virusi vya influenza vilivyouawa kwa joto wakaviweka pamoja na vipande vya utando wa yai la kuku. Kisha wakachukua maji yaliyouzunguka utando huo na kuyahamishia kwenye vipande vingine, vizima. Vipande hivyo vipya vikawa vigumu kuambukizwa, hata na virusi vilivyo hai. Kuna kitu seli za kwanza zilikuwa zimekitoa ndani ya yale maji. Wakakiita interferoni.

Kiswahili kilishakieleza kitu hicho bila maabara: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Seli iliyoingiliwa inaimwaga interferoni nje, jirani inaipokea, na jirani huyo, ambaye bado hajaguswa, anatia maji. Mamia ya jeni zake zinawashwa. Nyingine zinatengeneza protini za kunasa nyuzi za kirusi, kama zile za Mx. Nyingine zinaandaa namna ya kufunga kabisa utengenezaji wa protini kirusi kikiingia, hata kama maana yake ni kwamba seli yenyewe haitafanya kazi zake.

Na seli iliyopiga yowe? Mara nyingi inakufa. Ama kirusi kinaimaliza, ama inajiua kwa utaratibu ili nakala zisiendelee kutoka. Yowe kwa sehemu kubwa halikuwa la kuiokoa yenyewe.

Kirusi nacho kinalijua hilo. Influenza ina protini iitwayo NS1, na moja ya kazi zake kubwa ni kuiziba mdomo seli isitoe interferoni. Tafakari vipaumbele vya kitu kisicho na akili: kina nyuzi 8 tu za urithi, hakina nafasi ya anasa, lakini kimetenga sehemu ya mzigo wake mdogo kwa ajili ya kunyamazisha.

Pamoja na interferoni, seli za ulinzi zinamwaga kemikali nyingine za kuitana, saitokini, ambazo zinaingia kwenye damu. Zikifika kwenye ubongo zinasababisha prostaglandini kutengenezwa, na sehemu ya ubongo inayopanga joto la mwili inapandisha kiwango. Ndiyo sababu unatetemeka kwa baridi mchana wa Dar: mwili umeamua kwamba nyuzijoto 37 hazitoshi, na mpaka ufike 39 utajiona uko Makete. Saitokini hizohizo ndizo zinazouma kwenye misuli, zinazokata hamu ya kula, zinazokufanya usitake kusikia sauti ya mtu. Kirusi chenyewe kwa kawaida hakitoki kwenye njia ya hewa. Hakijafika kwenye mapaja yako wala mgongoni. Mapaja yanauma kwa habari tu.

Mwaka 1988 mtaalamu wa mifugo Mmarekani, Benjamin Hart, aliandika kwamba mnyama mgonjwa anayejikunja pembeni, asiyekula, asiyejisafisha manyoya, hajashindwa. Anafuata mpango. Anabana nguvu zote kwa ajili ya homa, kwa kuwa homa ni ghali. Miaka kadhaa kabla yake, Matthew Kluger na wenzake walionyesha kwamba mijusi wa jangwani walioambukizwa bakteria na kuachwa wajipashe joto walipona zaidi kuliko waliozuiwa. Mijusi hawawezi kujichemsha kutoka ndani kama sisi, wanatafuta jua. Hata hivyo wakiumwa wanalitafuta zaidi. Kwa hiyo amri ya homa ni ya kale sana, na inasema jambo moja: lala.

Ninaishi Mbagala, na naweza kusema bila takwimu kwamba amri hiyo huku haitekelezwi. Saa kumi na moja alfajiri kituo cha Rangi Tatu kimeshajaa. Konda amejifunga skafu shingoni, sauti imekauka, anagonga bati badala ya kuita, na noti aliyojipangusia pua kwa mgongo wa mkono uleule ndiyo chenji yako. Kwenye maduka ya dawa, yale madogo yenye dirisha la nondo, watu wanapanga foleni kabla ya kupanda gari. "Nipe Panadol na kitu cha mafua." Hakuna anayeuliza kitu hicho ni nini. Kinamezwa hapohapo kwa maji ya pakiti.

Tuwe wa haki kwa Panadol. Haimgusi kirusi na wala haizibi interferoni. Inapunguza zile prostaglandini, joto linashuka, mapaja yanapoa. Mtoto anayechemka, mjamzito, mzee, mtu mwenye pumu, hao wana hesabu yao na mahali pao ni kituo cha afya, si kwenye insha. Mimi nazungumzia mtu mzima mwenye afya njema ambaye anaizima homa ili kichwa kimruhusu kwenda kazini. Mwaka 2014 watafiti watatu wa chuo kikuu cha McMaster huko Kanada walipiga hesabu ya jambo hili kwa jamii nzima. Hoja yao ilikuwa kwamba aliyeshusha homa anajisikia nafuu, anatoka, anakutana na watu wengi zaidi, na huenda anatoa virusi vingi zaidi. Wakahitimisha kwamba ukijumlisha watu wote, dawa ya homa inaongeza wagonjwa. Walikiri wenyewe kwamba takwimu walizojengea ni chache. Lakini huhitaji hesabu ili uone umbo la tatizo. Unafuu wa mmoja unapakiwa kwenye gari la abiria ishirini na tano waliokaa na kumi waliosimama.

Kuna mama lishe jirani yangu ambaye nimezungumza naye sana kuhusu hili, pengine zaidi ya alivyopenda. Anapika wali maharage na samaki, na mchana anahudumia watu kama sitini, wengi mafundi na madereva wa bodaboda. Siku moja nilimkuta macho mekundu, kanga kichwani, anapepea mkaa.

"Shikamoo, mama. Si upumzike leo?"

"Marahaba, mwanangu. Nikipumzika mimi, nani anapumzika na njaa?"

Nikamwambia habari za homa, kwamba mwili unamwomba alale, na kwamba wale sitini wanaweza kwenda na mafua yake nyumbani kwao. Alinisikiliza huku anakoroga. Kisha akasema mteja wa chakula ni kama ndege: ukifunga siku mbili anatua kwenye mti mwingine, na hajui kwamba ulikuwa unamhurumia. Halafu, na hili sikulitarajia, akamwita binti yake aje apakue, yeye abaki kwenye jiko. "Angalau nisiwapumulie kwenye sahani."

Ninarudi mara kwa mara kwenye ile "angalau". Yeye hakukubali kwamba homa ni ya wateja, wala hakukubali kwamba ni yake peke yake. Aliigawa.

Wapo watakaosema kwamba jibu lipo wazi ndani ya pua: seli inajua wajibu wake, inaonya, inakufa, nasi tuige. Mimi naona hoja hii ni tamu mno kuwa kweli. Seli zote za mwili wangu zimetokana na yai moja lililorutubishwa. Elfu zikifa kwenye koo ili nyingine ziishi, urithi uleule unaendelea, kwa hiyo hakuna aliyejitoa mhanga kwa ajili ya mgeni. Mbagala hatukutokana na yai moja. Kwenye nyumba ninayopanga, chumba cha kwanza wametoka Lindi, cha pili Kigoma, cha tatu sijui walikotoka na tunagombana nao juu ya umeme. Ninachodaiwa na mtu wa chumba cha tatu hakiwezi kuandikwa kwenye jeni. Kama nadaiwa kitu, basi nadaiwa kwa sababu tunapumua korido moja, na hilo ni deni la aina nyingine kabisa, ambalo lazima tulipange wenyewe kwa maneno.

Tena seli si mwalimu wa kuaminika. Mwaka 1918 influenza ilizunguka dunia na kuua mamilioni, na kinyume na kawaida yake iliua vijana wengi, watu wa miaka ishirini hadi arobaini. Ilifika pia Tanganyika, mwishoni mwa vita vya Wajerumani na Waingereza, na Ugogo iliwakuta watu ambao njaa waliyoiita mtunya ilikuwa imeshawamaliza. Mwaka 2007 watafiti walipokiweka kirusi kile, kilichofufuliwa maabara, kwa nyani, waliona kinga ya kuzaliwa nayo ikiwaka bila breki na kuharibu mapafu iliyokuja kuyalinda. Yowe lilikuwa sahihi. Walioitikia yowe wakachoma nyumba.

Hakuna mtu aliyekulia Manzese au Tandika anayehitaji kuelezwa hilo. Mtu mmoja akipiga kelele ya "mwizi!", mtaa mzima unatoka, na mtaa nao hausomi faili. Unaangalia alama: anakimbia, hajulikani, hana viatu. Ubora wa yowe ni kwamba linatoka haraka na halichagui, na ubaya wake ni huohuo. Mara ngapi tumesikia siku ya pili kwamba yule kijana alikuwa anawahi gari? Nasema hivi kwa sababu watu wanaopenda kusifia mshikamano wa mtaa husahau kwamba tairi na petroli navyo huletwa kwa mshikamano. Hata kwenye maradhi tumeuona upande huo. Mwaka 2020, siku za mwanzo za korona, kukohoa tu kwenye daladala kulitosha kukufanya utazamwe kama ulikuwa umebeba bomu, na kuna waliokuwa wanameza kikohozi hadi machozi yatoke.

Kwa hiyo sitaki mtaa wa kunyoosheana vidole. Isitoshe, kwa influenza kidole huwa kimechelewa. Mtu huanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajisikia vibaya. Siku hiyo ya kwanza hakuna homa ya kuzima, hakuna mwenye hatia, kuna mtu mzima anayecheka na wenzake kijiweni na virusi vinatoka na kicheko. Wajibu unaanza pale yowe linaposikika, yaani homa inapopanda, na kuanzia hapo zinabaki siku tano hadi saba za kuwa hatari kwa wengine. Hizo ndizo siku zenye mjadala.

Mithali yetu ya mambo haya ni mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni nzuri, lakini angalia inamtisha nani na kwa nini. Inamwambia mgonjwa aseme kwa faida yake, asije akafa. Haimwambii aseme kwa faida ya jirani. Nimejaribu kutafuta mithali inayosema hilo la pili nikaipata ile ya kunyolewa, ambayo nayo inamzungumzia jirani tu: wewe ndiye utie maji. Anayenyolewa hana wajibu wowote ndani yake, amekaa tu kwenye kiti.

Pengine wahenga walikuwa wakweli kuliko sisi. Walijua kwamba kumdai mgonjwa alale ni kumdai pesa. Ukitazama sheria, nchi yetu imeshakubali kwamba homa si mzigo wa mtu mmoja: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Alete cheti cha daktari, alale, alipwe. Mtu wa ofisini Posta anapokuja kazini anapiga chafya na kujisifu kwamba hajawahi kukosa siku hata moja, huyo mimi nina neno naye. Ameshalipiwa ukimya wa nyumbani na ameukataa, na sisi tunampigia makofi kwa uchapakazi. Konda halipwi hivyo. Anadaiwa hesabu ya siku na tajiri, awe mzima au awe anatetemeka. Dereva wa bodaboda wa mkataba naye hivyohivyo. Mama lishe ni tajiri na kibarua kwa pamoja, kwa hiyo akiomba ruhusa anajinyima yeye mwenyewe. Kosa la konda anayekohoa lipo, silifuti, lakini ukiligawa kwa haki kipande kikubwa kinamwendea mwenye gari, na kingine kinatuendea sisi abiria ambao tunataka nauli iwe vilevile, gari liwepo, na konda awe mzima.

Mgawanyo wa namna hiyo ukoje kwa vitendo? Mama lishe wangu yumo kwenye kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Wanakutana kila Jumapili jioni. Pamoja na hisa, kila mmoja anatoa kiasi kidogo cha mfuko wa jamii, na mfuko huo unamsaidia mwanachama aliyefiwa, aliyelazwa au aliyejifungua. Wiki mbili baada ya mazungumzo yetu aliinuka kwenye kikao akapendekeza waongeze kipengele: mwanachama mwenye homa anayefanya biashara ya chakula alipwe kitu kidogo cha siku mbili, akae nyumbani.

Alinisimulia kilichofuata huku anacheka, ingawa naona hakufurahi. Wa kwanza kusimama alisema mafua kila mtu anayo, mfuko utakauka kabla ya Ramadhani. Wa pili akauliza watajuaje kama ni homa kweli: msiba maiti inaonekana, kulazwa kuna karatasi, mafua unayaona wapi? Mwingine, fundi cherehani, akauliza kwa nini wauza chakula tu, yeye je, anayepima watu viuno pua kwa pua? Mweka hazina akasema wanunue kipimajoto kikae kwake. Anayedai aje apimwe. Akajibiwa kwamba watu watakunywa chai ya moto mlangoni kabla hawajaingia, na kikao kizima kikaangua kicheko. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, alisubiri wanyamaze. Akasema kwamba kila mwaka wanachanga mara kadhaa kwa ajili ya kulazwa kwa watoto, na mafua ya watoto hao yametoka jikoni kwa nani, kama si kwao wenyewe?

Hawakupiga kura, jua lilikuwa linazama na kuna waliokuwa na maandazi ya kukanda. Hoja ipo kwenye daftari la katibu, kipengele cha nne, chini ya ununuzi wa sufuria kubwa za kukodisha. Kipimajoto mweka hazina amekinunua tayari, kwa pesa yake, na hadi sasa kimetumika kwa wajukuu zake.